Maji haisahau njia yake: baraje ya mvula tutaiweka wapi mu Lubumbashi?

Kisha Toussaint, mu Lubumbashi kila mutu anaanza kuangalia juu. Miezi sita nzima vumbi nyekundu ilikuwa inaingia mu nyumba, mu sahani, mu mapua ya watoto. Halafu siku moja mawingu inakuwa nyeusi, upepo inapiga mabati, na mvula inashuka. Ba mama wanatosha mabeseni inje, watoto wanacheza. Ile siku ya kwanza ni furaha.

Lakini kuko nyumba zenye furaha ile haifiki. Huko papa anapandisha godoro juu ya meza, mama anafunga unga wa bukari na kuutundika ku mbao za juu, na dada mukubwa anabeba mutoto ku mugongo hata kama ni saa nane ya usiku. Wanajua: mvula ya saa moja inatosha, maji itafika ku magoti.

Kisha miezi munane, mama yule yule ataamka mbele ya jua kupanga mabidoni ku robine ya jirani, juu maji hakuna. Maji ilimufukuza mu Januari, sasa inamukimbia mu Septemba. Hii njo ajabu ya muji wetu. Mvula yetu haiko kidogo: ni karibu milimeta 1.200 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvula ya Paris. Lakini inakuja yote mu miezi tano ao sita, na inaenda yote pia.

Njo maana, mu bisi ya wafanyakazi, ku meza ya bia, kisha misa, tunasikia neno moja: «Bajenge baraje!» Sawa. Baraje inaweza kuchunga maji ya Januari kwa ajili ya Septemba. Inaweza pia kupunguza nguvu ya maji mbele haijafika ku nyumba za watu. Swali ni moja tu: wapi? Baraje yenye iko fasi ya mubaya ni hatari zaidi ya kukosa baraje. Na kwa kujua ile fasi, leo kuko chombo yenye haikuwa mu mikono ya ba papa wetu: karte yenye inatengenezwa na satelite.

Muto iko na bakuli yake

Wenye kutumika mu karyere wanajua: hakuna mutu anatoboa mulima bila karte. Jeolojia anapita kwanza, sondaji inafanywa, topografe anaweka mapike. Lakini kwa kupima viwanja vya watu, mara mingi tulipima avenyi kwanza, na maji ilituonyesha karte yake kisha.

Tuanze na muto Lubumbashi. Inapita kati ya muji, karibu na terili na sheminee ya Gécamines, inaenda kuingia mu Kafubu. Kafubu inaenda mu Luapula, Luapula inaingia mu ziwa Moero, na kutoka pale maji inafuata Luvua mupaka mu Lualaba. Mvula yenye inaanguka juu ya bati yako mu Katuba, sehemu yake itaona bahari.

Kila muto, hata kamuto kadogo yenye inakauka mu Juni, iko na bakuli yake. Bakuli ni udongo yote yenye mvula yake inateremukia ku ule muto. Mupaka wa bakuli ni mugongo wa inchi: upande huu maji inaenda huku, upande ule inaenda kule. Ku milima ya Likasi, macho inaona ule mugongo. Lakini Lubumbashi iko juu ya tambarare, karibu mita 1.200 juu ya bahari, na hapa macho inadanganyika. Ba jirani wawili wanaweza kukaa avenyi moja, maji ya mumoja inaenda ku Lubumbashi na ya mwingine inaenda ku Naviundu, bila wao kujua.

Hii njo kazi ya kwanza ya karte: kuchora mabakuli. Bila kujua bakuli, hatuwezi kujua maji gani itafika ku baraje.

Hesabu ya mvula moja

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme bakuli moja ndogo iko na kilometa mraba moja. Mvula moja ya nguvu inaangusha milimeta 50. Ile ni meta kibe 50.000, lita milioni 50.

Kama miombo ingali inasimama, majani na mizizi inakamata maji, udongo inakunywa. Tuseme lita moja tu mu lita kumi inakimbia: meta kibe 5.000. Sasa ukate miti yote kwa makala, ujenge nyumba za mabati, ukanyage lupango mupaka inakuwa ngumu sawa simenti, utie barabara. Mvula ni ile ile. Lakini lita sita mu lita kumi itakimbia: meta kibe 30.000, na itakimbia haraka, mu saa moja ao mbili. Mawingu haikubadilika, ni sisi tulibadilisha sahani.

Mufano wake tuko nao pale pale mu muji. Tangu 1911 moshi ya fonderi ilikuwa inabebwa na upepo upande wa Penga Penga. Miaka na miaka, shaba na sulfure iliua majani, na udongo ulibakia uchi. Walimu na wanafunzi wa Université de Lubumbashi walipanda pale majani na miti yenye inaweza kuvumilia shaba, kwa kujaribu kufunika ule udongo tena. Fasi yenye haina majani, maji haina kitu ya kuisimamisha. Inachukua udongo, inachimba, inateremuka.

Njo maana karte ya baraje haiwezi kuonyesha mutelemuko peke yake. Lazima ionyeshe pia nini iko juu ya udongo. Kwa ile kazi kuko picha za satelite Landsat, zenye wachunguzi wa Lubumbashi wametumia kwa kupima namna miombo inapungua kuzunguka muji kwa sababu ya makala. Ile karte ya miti ni pia karte ya mafuriko yenye inakuja.

Satelite inaona nini, na haioni nini

Mu Februari 2000, chombo ya Marekani yenye jina Endeavour ilizunguka dunia siku 11 na radari, ikapima urefu wa inchi karibu yote yenye watu wanakaa. Mu 2014 wakaanza kutoa bure zile hesabu mu vipande vya mita 30 kwa mita 30, na Afrika ilikuwa kati ya fasi za kwanza. Leo mwanafunzi mwenye ordinatere na programu ya bure sawa QGIS anaweza kuchora mabakuli ya Lubumbashi yote mu siku moja. Satelite zingine, sawa Sentinel-1 ya Ulaya, ziko na radari yenye inapita mu mawingu. Mu Januari, wakati hatuoni jua, zenyewe zinaona fasi gani maji imelala.

Lakini tusiabudu mashine. Ile karte ya 2000 inaweza kukosa mita kadhaa. Ku mulima mukubwa haina neno. Lakini hapa kwetu, kwa baraje ya mita ine, kosa ya mita tatu ni kosa ya kila kitu. Tena kuko mutego mwingine: fasi zenye miti ilikuwa inasimama mu 2000, radari mara mingi ilipima karibu na vichwa vya miti, si udongo. Leo ile miti imekwisha kuwa makala. Kwa hiyo kilima yenye unaona ku karte, pengine ni pori yenye ilikwisha kupikia bukari zamani. Karte inakuambia fasi kumi za kwenda kuangalia pahali pa mia. Kisha topografe anakwenda na nivo yake, anatembea, anapima. Na mbele ya kutembea, aulize wazee.

Maswali tano mbele ya kuweka jiwe

Kwa kuchagua fasi, ma enjenyere wanapandisha karte juu ya karte: ya mutelemuko, ya mvula, ya udongo, ya mito, ya nyumba. Kila karte inapewa uzito wake, halafu ordinatere inatosha fasi zenye ziko na alama za juu. Lakini chini ya ile hesabu kuko maswali tano yenye kila mutu anaweza kuelewa na kuuliza.

La kwanza: umbo ya inchi ni gani? Fasi ya muzuri iko na shingo nyembamba na tumbo pana. Shingo, juu ukuta ukuwe mufupi na wa bei kidogo. Tumbo, juu maji ipate fasi ya kulala. Ku Mwadingusha, ku muto Lufira, wazungu wa wakati wa Union Minière waliona ile umbo: juu tambarare kubwa, chini maporomoko yenye inaanguka zaidi ya mita 100. Mu 1930 sentrali ikaanza kutoa kura kwa mashimo na mafonderi, na nyuma ya ukuta ikazaliwa ziwa Tshangalele. Kwa kura, fasi ile ilikuwa ya muzuri sana. Kwa kuchunga maji, iko na bei yake: ziwa ni pana sana na haina kina kirefu, na maji yenye inalala mupana jua inaikunywa. Tuseme jua inachukua milimeta tano kwa siku: mu siku 150 za kavu, ni senti­meta 75. Basen ya mita moja ya maji itabakia matope. Basen ya mita ine itabakia basen.

La pili: bakuli inaleta maji ngapi? Baraje kubwa ku bakuli ndogo haitajaa. Baraje ndogo ku bakuli kubwa itapasuka. Ku kila baraje ya udongo lazima kuwe ku pembeni njia ya maji ya zaidi, pana na ya nguvu, yenye kuteremusha maji bila kugusa ukuta. Ukuta wa udongo, siku maji inapita juu yake, unaweza kuisha mu saa chache.

La tatu: chini kuko nini? Hapa wachimbaji wanajua zaidi ya wengi. Fasi mingi mu Katanga iko juu ya dolomite na kalkere, mawe yenye maji inatoboa pole pole mupaka inafanya mapango. Ku Kipushi wote wanakumbuka: mu 2011 pompe zilishindwa, maji ikapanda, shimo ikazama, na kuitosha ile maji ilikuwa kazi ya miaka. Basen ukiijenga juu ya jiwe ya namna ile bila kupima, itakuwa sawa kumwangia maji mu kikapo. Satelite haioni pango. Sondaji njo inaiona.

La ine: nani anakaa chini, na nani atazama juu? Kila baraje, hata ya mita tatu, lazima karte ionyeshe maji itapita wapi siku ukuta ukivunjika. Kama mu ile njia kuko masomo, soko ao nyumba, basi tuhamishe baraje mbele haijajengwa, si watu kisha. Na ule mwenye shamba yake itafunikwa na maji, alipwe mbele, si ahadi.

La tano: juu ya muto kuko nini? Hili mu Hewa Bora ao mu Kasapa hakuna mutu wa kumufundisha mwenzake. Mu Novemba 2025, mu komini Annexe, maji ya basen ya izine moja ilimwangika mu ma kartiye sawa Kasapa na Kamatete, na serkali ikasimamisha kazi ya ile kampuni. Basen ya maji ya izine na basen ya mvula haziwezi kuwa jamaa. Kama bakuli iko na terili, karyere, fasi ya kusafishia mawe ao izine ya asidi, maji yenye inakusanyika chini itakusanya pia sumu mu matope yake. Pale unaweza kujenga baraje ya kupunguza mafuriko, lakini usiambie ba mama wamwangie lengalenga na ile maji, wala ba papa wavue samaki, mbele haijapimwa.

Jirani wa Kenya na muchanga wake

Watu wengine wanasema: «Juu ya nini tusifanye sawa wengine?» Na ni kweli, ku Kenya, mu inchi ya Kitui, watu walijenga mabaraje mingi ya muchanga. Wanaweka ukuta wa mawe na simenti ndani ya muto yenye inakauka. Mvula ikija, muchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji inajificha kati ya mbegu za muchanga. Jua haifiki, mbu haizai, na mu miezi ya kavu watu wanachimba kidogo wanapata maji ya safi.

Ni akili ya ajabu. Lakini inalomba muto yenye kubeba muchanga wa mbegu kubwa na chini yake jiwe ngumu. Mito yetu ya Lubumbashi mara mingi inabeba udongo laini, mwekundu, wa mufinyanzi. Ungejenga ukuta ule ule, ungepata sahani ya matope yenye haitoi maji. Hatukatazi kujifunza ku jirani. Tunasema karte ya udongo isome mbele ya kuiga.

Kujaza ao kuacha wazi?

Kuko jambo moja yenye viongozi hawapende kusema ku mikutano, juu inapunguza makofi. Baraje ya kuchunga maji inapenda kujaa. Baraje ya kuzuia mafuriko inapenda kuwa wazi. Haya mawili yanapigana.

Rudi ku hesabu yetu. Tuseme tumejenga basen yenye kubeba meta kibe 40.000. Mvula ya kwanza ya Novemba inaleta 30.000: basen inaikamata yote, kartiye ya chini inalala vizuri, watu wanaimba. Ya pili inaijaza. Mu Januari, wakati udongo umeshiba na mvula kubwa inakuja, basen iko imejaa. Maji yote inapita juu, na kartiye ya chini inapata mafuriko ile ile sawa mbele.

Dawa iko, na ni ya kawaida. Basen inagawanyika: sehemu ya chini kwa kuchunga, sehemu ya juu inabakia wazi kila siku, na tiyo moja ku ukuta inaitosha maji pole pole kisha kila mvula. Tena, pahali pa baraje moja kubwa chini, karibu na nyumba, ni afazali mabasen madogo mengi juu ku mikono ya muto. Moja ikiharibika, haiui kartiye nzima. Lakini na hapa karte iongoze: kama unachelewesha maji ya mukono moja, angalia isije ikafika chini saa ile ile na maji ya mukono mwingine. Unaweza kugeuza mafuriko mbili ndogo kuwa moja kubwa.

Na kila basen inalomba muchungaji. Mizizi ya miti, shimo ya panya, njia ya muchwa ndani ya ukuta: maji inafuata ile njia ndogo mupaka inakuwa mulango. Matope inajaa kila mwaka, lazima itoshwe. Mbu inazaa ku pembeni, na mbu ni malaria. Ku bajeti ya kujenga, kama hakuna bajeti ya kuchunga, afazali tusianze.

Basen yenye Mungu alikwisha kujenga

Sasa tufike ku neno yenye ilitusukuma kuandika. Wakati ordinatere inapandisha zile karte na kutosha fasi za muzuri za kulaza maji, alama mingi inaanguka ku fasi zenye wazee wanajua jina yake: dembo.

Dembo ni ile bonde pana, bila miti mikubwa, udongo mweusi, majani marefu. Mvula ikinyesha, dembo inakunywa. Kavu ikifika, inatoa maji pole pole, njo maana ba mama wanalima pale mboga mu Julai na Agosti. Dembo inafanya kazi mbili zenye tunaomba baraje ifanye: inachunga maji, na inapunguza nguvu ya maji. Haikulomba simenti wala bajeti.

Na njo pale tunajenga nyumba.

Siku moja tulipita mu dembo moja ku pembeni ya muji. Nyumba ya matofali ya kuchoma, milango ya chuma, ku ukuta alama ya maji, karibu mita moja. Mwenye nyumba ni mzee wa Gécamines, moja wa wale zaidi ya 10.000 wenye walitoka mu kazi mu oparesheni ya départs volontaires yenye ilianza mu 2003. Pesa yenye alipata, alinunua parseli.

— Papa, ile parseli mulinunua mwezi gani?

Akacheka kidogo, akaangalia chini.

— Mwezi wa munane, mwanangu. Kulikuwa kavu sawa sahani. Na bei ilikuwa muzuri. Tulisema, Mungu ametukumbuka.

Hatukuwa na neno ya kumujibu. Miaka makumi mbili na zaidi chini ya udongo na karibu na moto, na jasho yote ile iliwekwa mu fasi ya maji. Mwenye kumuuzishia alijua, ao hakujua. Karatasi iko na muhuri. Lakini karte, kama ingekuwa ku ukuta wa biro ya kartiye siku ile, ingemuambia mu dakika mbili.

Leo wenye kununua ni watoto wake na rafiki zao: wale wa sosyete za kukodisha wafanyakazi, ba kreseri wenye walipata siku ya bahati, ba mama wenye wanachuuza ku karyere. Bei ya parseli inapanda, na fasi yenye inabakia ya bei chini ni dembo. Kama tunaendelea hivi, kisha miaka kumi tutalomba serkali itujengee baraje pahali pa ile yenye tulizika.

Tunaweza kufanya nini

Mbele ya kununua, tembelea parseli mu Februari, hata kama umeiona mu Agosti. Angalia udongo: mweusi na wenye kupasuka mu kavu, ni alama. Angalia vichuguu: vile vikubwa vya udongo mwekundu vinapenda fasi yenye haikae na maji, fasi pana bila hata kimoja na bila miti, jiulize. Angalia kuta za ba jirani. Uliza mama mwenye kulima mboga, si komisionere.

Ku nyumba, usiite bati yako kitu kidogo. Bati ya mita mraba 40, ku mvula yetu ya mwaka, inapokea karibu lita 48.000. Hata ukikamata nusu, ni mabidoni 1.200 ya lita 20. Goteri na tangi, hata mapipa mawili, inapunguza mulolongo wa asubui. Mvula za kwanza uache ziende, zioshe bati. Wenye kukaa karibu na izine wajue vumbi yake inalala pale juu, basi ile maji ni ya kufua na kudeki, si ya kunywa. Na kama kila nyumba ya avenyi inakamata maji yake kidogo, kanivo ya chini inapumua.

Mu kartiye, tulombe karte. Université iko na watu wenye kujua kuitengeneza. Office des Voiries et Drainage njo wenye kazi ya makanivo. Kadastre njo wenye kugawa viwanja. Wale watatu wakae meza moja, na karte yenye inatoka pale ipigwe ku ukuta wa kila biro ya kartiye, na rangi: hapa maji inalala, hapa inapita, hapa jenga. Shefu wa kartiye asitie saini kwa parseli yenye iko mu rangi ya maji.

Na pesa? Code minier yenye ilibadilishwa mu 2018 inalomba kila kampuni yenye kuchimba itoshe 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wenye kukaa karibu, na iandikishane nao cahier des charges. Mara mingi watu wanalomba kisima, masomo, ambulansi. Ni vizuri. Lakini tangu sasa, tuongeze neno moja ku ile liste: karte ya maji ya bonde yetu, na sondaji za kuhakikisha. Kampuni ilikwisha kuchora inchi yetu mita kwa mita kwa kutafuta shaba na kobalti. Inaweza kutusaidia kuichora kwa kutafuta fasi ya kulala bila hofu.

Wahenga walisema maji ikisha kumwangika haizoleki. Kwetu Lubumbashi tunajua pia kwamba haipotei: kila Januari inarudi ku fasi yake ya zamani, inapiga hodi, na kama tulijenga pale, inaingia. Mwaka huu, mbele ya kuuliza nani atajenga baraje, tuulize kwanza maji yenyewe inapenda kulala wapi. Ile jibu iko ku karte, na iko ku midomo ya wazee. Tuitafute mbele ya mawingu.